Chonga Wawili: Mwenyeji na Mgeni

Katika maadui wa mnazi, hakuna ajulikanaye zaidi katika pwani ya Afrika ya Mashariki kuliko chonga. Ni mbawakawa mnene, mweusi au wa rangi ya hudhurungi iliyokolea, mwenye urefu wa sentimita nne hivi, na juu ya kichwa chake ana pembe moja iliyopinda kuelekea nyuma. Mchana hujificha. Usiku huruka kwa mvumo mzito mpaka akafika kileleni mwa mnazi, akatoboa njia katikati ya makuti machanga, akanywa maji ya moyo wa mti. Mwenye shamba hajui kwamba alijiwa mpaka kuti lililokuwa limekunjamana lifunuke. Ndipo huliona limekatika pembe tatu pande zote mbili, kana kwamba limepitiwa na mkasi. Pengine hakuna kuti jingine litakalofunuka baada ya hilo, kwa kuwa chonga amekwisha fika penye chipukizi, nao mnazi una chipukizi moja tu. Miti mingi ikikatwa kilele huchipua ubavuni. Mnazi ukiharibika kilele umekufa.

Adui huyu hayuko peke yake duniani. Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, tangu Bara Hindi na Ceylon, ambayo leo huitwa Sri Lanka, mpaka Malaya, Indonesia na Ufilipino, yuko ndugu yake, naye hula mnazi kwa namna ile ile. Wataalamu wa elimu ya wadudu wamewapa wote wawili jina moja la ukoo, Oryctes, neno litokalo katika lugha ya Kiyunani, maana yake mchimbaji. Ndugu wa Asia alipewa jina lake la pili, rhinoceros, yaani kifaru, na Linnaeus, bingwa wa Sweden, katika mwaka 1758. Ndugu wa Afrika alipewa lake, monoceros, yaani mwenye pembe moja, na Olivier wa Ufaransa katika mwaka 1789. Majina hayo hayamfai sana mtu atakaye kuwapambanua, maana kifaru wa Asia naye ana pembe moja, na huyo wa pembe moja naye mtu akimwona humkumbuka kifaru.

Wakilazwa juu ya meza pamoja, wadudu hawa wawili humsumbua hata mtu mwenye macho makali. Rangi zao zakaribiana, vimo vyao vyakaribiana, na katika wote wawili pembe ya dume ni ndefu kuliko ya jike. Kama hesabu yao ingekuwa ya maumbile peke yake, ingekwisha upesi. Lakini wadudu nao wana historia, na historia za hawa wawili hazifanani hata kidogo. Mmoja aliletewa mnazi mpaka nyumbani kwake. Mwingine alichukuliwa akapelekwa kwenye visiwa vya minazi ambako hakuwa amekanyaga kabla. Mmoja ni mwenyeji, na mwingine amekuwa mgeni. Katika tofauti hiyo mna sababu ya mambo mengi yaliyowapata wenye mashamba tangu Samoa hata Tanga, na ndani yake mna onyo kwa kila mtu ambaye riziki yake hutegemea mti huu.

Kabla ya kuingia katika tofauti hiyo, yafaa kueleza mambo ambayo ndugu hawa wanashirikiana. Jike hatagi mayai yake katika mnazi ulio hai. Hutafuta kitu kilichooza: gogo la mnazi ulioanguka, shina la mnazi uliokufa ungali wima, chungu ya samadi, au takataka za mimea. Baada ya siku kumi hivi yai huanguliwa, akatoka buu mweupe, mnono, aliyejikunja, mwenye kichwa cha hudhurungi. Buu huyo hutafuna uozo kwa miezi kadhaa, wala haugusi mti mzima. Kisha hujijengea chumba, akageuka bundo, na mwishowe akatoka na mbawa na pembe zake. Tangu yai mpaka mdudu kamili ni muda wa nusu mwaka, mara huzidi, mara hupungua. Ndipo huanza maisha yake ya usiku, nayo huchukua miezi mingine mingi.

Kwa hiyo mnazi una uhusiano wa namna mbili na chonga. Mnazi mfu humlea. Mnazi mzima humlisha. Palipo minazi mizima bila ya mifu, chonga hana pa kuzalia. Palipo magogo bila ya minazi mizima, mabuu yatakua lakini mashamba hayatapata hasara. Mashaka huzaliwa pale viwili hivyo vinapokaa pamoja, navyo hukaa pamoja katika karibu kila shamba la zamani. Hapo pana tofauti ndogo ya tabia baina ya ndugu hawa. Chonga wa Asia hachagui sana pa kuzalia: unga wa mbao, samadi, majani yaliyorundikwa yakaoza, magogo ya miti mingine, vyote humtosha. Chonga wa Afrika huonekana katika samadi pia, lakini makao yake makubwa ni shina la mnazi lililooza, na hasa lile ambalo bado limesimama. Atakayemtafuta hana budi kutazama juu na chini.

Sasa yafuata habari ya mwenyeji. Mnazi si mti wa asili ya Afrika. Katika mwaka 2011 ulitangazwa uchunguzi wa chembe za urithi za minazi zaidi ya 1,300 kutoka pande nyingi za dunia, nao ulionyesha koo mbili kubwa: moja ya Bahari ya Pasifiki na moja ya Bahari ya Hindi. Katika Madagaska na Komoro koo hizo zimechanganyika, dalili ya mabaharia waliosafiri na nazi chomboni mwao, kwa chakula na kwa mbegu. Al-Masudi, mwandishi Mwarabu aliyepita katika bahari hii katika karne ya 10, ameandika kwamba Wazanji walikuwa na visiwa vingi vilivyomea minazi, na kwamba matunda yake yalikuwa chakula chao. Basi mnazi ni mgeni wa siku nyingi katika pwani hii, mgeni aliyekaribishwa hata akawa ndugu.

Chonga alikuwako tangu zamani. Alikuwa na miti yake ya jamii ya mnazi: mkoche, mvumo, mkindu, na katika pande za magharibi ya Afrika mchikichi. Miti hiyo ilikua mbalimbali porini, ikafa mmoja mmoja, na kila gogo lililooza lililea mabuu wachache. Wachache hao nao walikuwa na maadui wao: ndege, wanyama wadogo wachimbao, siafu, ukungu uuao wadudu, na nyigu mmoja mkubwa ambaye habari yake itafuata. Maisha yake yalikuwa katika mizani. Alikula, akaliwa, na miti ikaendelea kumea.

Wahenga husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa chonga wa Afrika methali hiyo ilitimia bila ya mzaha. Mnazi ulipokuja, ulikuja na moyo mtamu na shina kubwa lioza polepole. Walakini ulipokuwa mitaani, mmoja nyuma ya nyumba na miwili kando ya kisima, neema yake ilikuwa na kipimo. Kipimo hicho kilivunjika katika karne ya 19, wakati mbata ilipokuwa bidhaa ya soko la dunia, mafuta yake yakitakiwa Ulaya kwa sabuni na mishumaa, na mashamba makubwa ya minazi yakapandwa Unguja, Pemba, Mafia na mrima. Miti iliyopandwa pamoja huzeeka pamoja na hufa pamoja. Katika mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja, ikaangusha mikarafuu na minazi mingi mno. Wanahistoria huhesabu katika tufani hiyo hasara ya karafuu na nazi. Mtu amjuaye chonga huongeza katika hesabu hiyo magogo yaliyobaki chini.

Hata hivyo, pamoja na hasara zote alizoleta, chonga wa Afrika hakuiangamiza minazi ya pwani. Aliua miche na minazi mikinda, alipunguza mavuno ya minazi mikubwa, alifungua matundu ambayo uozo na wadudu wengine hupitia. Lakini kisiwa kizima cha minazi hakukimaliza. Maadui wake walikuwa pamoja naye. Mwenye shamba naye alijifunza kupanda mtini na ncha ya chuma, akamchokoa adui shimoni mwake. Kazi hiyo ni ya taabu na haina mwisho, lakini iliwezekana, kwa kuwa adui alikuwa na wingi wa kuhesabika.

Mambo yalikuwa mengine kabisa katika visiwa vya Samoa, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Huko mnazi ulikuwa mti wa kale, na chonga hakuwako kamwe. Katika mwaka 1857 kampuni ya Godeffroy ya Hamburg ilifungua biashara yake mjini Apia, na baada ya muda mbata ikawa uti wa mgongo wa uchumi wa visiwa. Tangu mwaka 1900 Samoa ya Magharibi ilitawaliwa na Ujerumani, dola ile ile iliyotawala Tanganyika wakati huo. Wenye mashamba, wakitafuta mali nyingine pamoja na mbata, waliagiza miche ya mpira kutoka Ceylon. Miche hiyo ilikuja na udongo na samadi kwenye mizizi yake. Katika mwaka 1909 chonga wa Asia alionekana katika kisiwa cha Upolu, na wataalamu wote huamini kwamba alikuja na shehena hiyo.

Alichokikuta huko ni chakula kisicho na walinzi. Nyuma yake, katika Asia, aliwaacha maadui waliokuwa wakimpunguza tangu azali. Mbele yake palikuwa na mamilioni ya minazi na magogo yasiyo na idadi. Akaongezeka kwa kasi iliyowashangaza watawala. Serikali ya Kijerumani ilitoa amri kwamba watu watafute mayai, mabuu na wadudu wazima, wawakusanye na kuwateketeza. Mtaalamu Karl Friederichs alipelekwa kuchunguza, akajaribu chungu za takataka ziwe mitego, na ndani yake akatia ukungu wa kijani uuao mabuu. Katika mwaka 1914 New Zealand iliitwaa Samoa, bendera ikabadilika, lakini amri ya kutafuta chonga haikubadilika. Hapa pana jambo la kutafakari. Miche ya mpira iliagizwa na matajiri wa mashamba. Mzigo wa kumtafuta mdudu aliyekuja nayo ulimwangukia mwanakijiji, ambaye hakuagiza kitu. Minazi yake miwili mitatu iliathirika sawa na maelfu ya kampuni, na siku zake za kazi zikachukuliwa kwa sheria.

Kutoka Samoa na kutoka Asia mgeni huyo aliendelea na safari zake, daima kwa vyombo vya wanadamu. Katika mwaka 1921 alifika Niuatoputapu, kisiwa kidogo cha Tonga. Hapo watu walifaulu kummaliza kabisa kabla ya mwaka 1930 kwisha, kwa kuondoa kila mahali pa kuzalia. Ushindi huo uliwezekana kwa sababu kisiwa ni kidogo, na kila gogo liliweza kufikiwa. Katika mwaka 1931 alifika Wallis. Katika mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili ya dunia, alifika Palau na New Britain pamoja na mizigo ya majeshi. Kisha mabomu yakaangusha minazi, na kila mnazi ulioanguka ukawa kitalu cha mabuu. Katika Palau yapata nusu ya minazi yote ilikufa katika muda wa miaka kumi hivi. Katika mwaka 1953 alionekana Fiji, na katika mwaka 1962 alionekana Morisi, katika Bahari ya Hindi yenyewe, akiwa amekaribia sana makao ya ndugu yake.

Historia za ndugu hawa wawili zilikutana kwa mara ya kwanza kwa njia ya nyigu. Katika Unguja yuko nyigu mkubwa aitwaye na wataalamu Scolia ruficornis. Jike lake huchimba katika uozo mpaka akamkuta buu wa chonga, humchoma mwiba uliolemaza, kisha hutaga yai juu yake. Mtoto wa nyigu akianguliwa humla buu polepole mpaka akamaliza. Hii ni silaha ambayo maumbile yalimtayarishia chonga wa Afrika. Wataalamu wa Pasifiki walifikiri kwamba silaha ya mwenyeji yaweza kumpiga mgeni, kwa kuwa ni ndugu. Katika mwaka 1945 nyigu wa Unguja walifunguliwa Samoa. Walikubali hali ya hewa, wakamtambua buu wa Asia kuwa ni chakula, wakakaa. Lakini ushindi haukupatikana. Nyigu hawafiki kila mahali alipo buu. Shina gumu na chungu nzito huwazuia. Walimpunguza mgeni, wasimtiishe.

Dawa iliyomtiisha ilitoka kwao mwenyewe. Katika mwaka 1963 Alois Huger, mtaalamu Mjerumani wa maradhi ya wadudu, alikwenda Malaya kutafuta sababu ya kuwa chonga katika nchi yake ya asili hana wingi ule wa Samoa. Aliwakuta mabuu wagonjwa, wenye matumbo yaliyong'aa kwa namna isiyo ya kawaida, akagundua virusi ambavyo havikuwa vimejulikana. Katika mwaka 1967 virusi hivyo vilipelekwa Samoa, nchi iliyokuwa imekwisha pata uhuru wake tangu mwaka 1962. Viliwekwa mahali ambapo chonga huzaa. Jambo lililotokea lilizidi matumaini. Mdudu mzima mwenye ugonjwa hafi mara moja: huacha kula, hupunguza mayai, lakini huendelea kuruka kwa muda, akiutapakaza ugonjwa kwa kinyesi chake kila atuapo, na kuwaambukiza wenziwe wakutanapo. Chonga alikuwa mjumbe wa kifo chake mwenyewe. Katika miaka michache uharibifu ulishuka sana, makuti yakafunuka mazima, na virusi vikapelekwa Fiji, Tonga, Wallis na visiwa vingine. Katika mwaka 1970 vilifunguliwa Morisi, na huko pia vilifaa.

Ilikuwa ni jambo la kutazamiwa kwamba watu wa Afrika wangetaka kushiriki katika neema hiyo. Unguja ilikuwa imekwisha toa nyigu wake kwa ajili ya Samoa. Sasa ilikuwa zamu ya dawa kurejea upande huu. Katika miaka ya 1980 virusi vya chonga wa Asia vilifunguliwa Ushelisheli na Tanzania, ili vimshambulie chonga wa Afrika. Katika Tanzania kazi hiyo ilikuwa sehemu ya mpango wa taifa wa kuendeleza minazi, ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi, na makao yake yalikuwa Mikocheni, Dar es Salaam. Jina la mahali hapo latokana na mikoche, mmoja katika miti aliyoila chonga kabla mnazi haujaja. Virusi vilimwambukiza chonga wa Afrika, na hilo ni ushahidi wa udugu wa wadudu hawa. Lakini faida iliyopatikana ilikuwa ya kadiri, wala haikukaribia ule ushindi wa Samoa.

Kwa nini dawa moja iliponya kule na kushindwa huku, hali wagonjwa ni ndugu? Maelezo yaliyo karibu na akili yamo katika ile tofauti ya mwenyeji na mgeni. Mgeni wa Samoa aliongezeka kwa kuwa hakuwa na adui. Alipoletewa adui mmoja wa kweli, na akawa amejazana kiasi cha kuambukizana upesi, wingi wake ulianguka. Mwenyeji wa Afrika ana maadui tangu zamani, na wingi wake ni ule uliobaki baada ya maadui hao kula sehemu yao. Kumwongezea adui mmoja ni kama kumwongeza mlinzi katika nyumba yenye walinzi wengi, nayo milango imeachwa wazi. Na milango hiyo ni magogo. Katika pwani ya Tanzania, tangu miaka mingi, uko ugonjwa unaoinyong'onyesha minazi mpaka ikafa, nao umeacha mashina mengi yaliyosimama bila vilele. Kila shina la namna hiyo ni nyumba ya kupangisha, na mpangaji ni chonga.

Hata ushindi wa Samoa haukuwa wa milele. Katika mwaka 2007 chonga wa Asia alionekana Guam, kisiwa kilicho chini ya Marekani. Wataalamu walileta virusi kama ilivyokuwa desturi, na chonga hakujali. Ilidhihirika kwamba huyu ni wa kabila jingine la aina ile ile, ambalo virusi vilivyozoeleka havilidhuru sana. Kabila hilo likafika Port Moresby, kisha katika mwaka 2013 likaonekana Hawaii, na katika mwaka 2015 Honiara, mji mkuu wa Visiwa vya Solomon. Katika mwaka huo huo wa 2015 tufani iliipiga Guam, minazi ikaanguka, magogo yakabaki yakioza, na chonga akazidi maradufu. Aliyesoma habari ya tufani ya 1872 na ya mabomu ya Palau hakuhitaji kuambiwa jinsi jambo hilo litakavyokwisha.

Udugu wa wadudu hawa umethibitishwa kwa jambo jingine tena. Katika miaka ya 1990 wataalamu walichunguza harufu anayoitoa dume la chonga kuwaita wenziwe. Walianza na chonga wa Afrika, habari zake zikatangazwa katika mwaka 1994. Habari za yule wa Asia zikafuata katika mwaka 1995. Ikaonekana kwamba kiini cha harufu hiyo ni kimoja kwa wote wawili. Wadudu ambao bahari iliwatenga kwa muda usiojulikana wangali wakiitana kwa neno lile lile. Harufu hiyo sasa hutengenezwa na wanadamu, hutiwa katika mitego, na husaidia kuwakamata. Mtego hupunguza wadudu warukao, lakini hauna habari na buu aliyelala ndani ya gogo.

Mazungumzo yote haya yarudi mahali pamoja. Nyigu alisafiri kutoka Unguja hata Samoa. Virusi vilisafiri kutoka Malaya hata Tanzania. Ukungu, mitego na harufu vimejaribiwa huku na huku. Kila kimoja kilifaa mahali fulani kwa kiasi fulani, kwa sababu kila kimoja kilitegemea historia ya mdudu wa mahali hapo. Dawa moja tu imewafaa ndugu wote wawili katika kila nchi na katika kila zama: kumnyima chonga mahali pa kuzalia. Niuatoputapu ilishinda kwa njia hiyo peke yake. Mnazi uliokufa uangushwe, ukatwe, uchomwe au upasuliwe mbao. Samadi isirundikwe mwaka mzima bila kupinduliwa. Na gogo lisiloweza kuondolewa liachwe lifunikwe na mimea itambaayo, kwa maana chonga arukaye usiku ni vigumu kulitambua gogo lililofichwa na majani.

Ushauri huo ni mwepesi kutamkwa, na kwa sababu hiyo hudharauliwa. Kuangusha mnazi mfu ni kazi ya watu wawili watatu na ya siku nzima, na malipo yake hayaonekani kwa macho. Tena kuna ugumu wa haki. Gogo la mtu mmoja hulea chonga wa mtaa mzima. Mwenye minazi michanga aweza kusafisha shamba lake kila juma, na usiku akaletewa adui kutoka katika shamba la jirani, ambalo mwenyewe amehamia mjini au amefariki na warithi hawajagawana. Watawala wa Samoa waliuona ugumu huo wakaukabili kwa amri na adhabu, wakimbebesha mwanakijiji mzigo wa kosa la wengine. Njia hiyo haikummaliza chonga, na mfano wake si wa kuigwa. Lakini kuacha kila mtu afanye apendavyo nako kumejaribiwa katika pwani nyingi, na matokeo yake yaonekana katika vilele vilivyokatika pembe tatu. Iliyobaki ni njia ya wajirani kupatana: siku ya kazi ya pamoja, gogo la mjane liangushwe na vijana wa mtaa, shamba lisilo na mtu litazamwe na walio karibu.

Jambo la pili ni la bandari. Chonga wa Afrika na chonga wa Asia wamekaa mbalimbali kwa muda mrefu, na hilo ni bahati kwa pande zote mbili. Yule wa Asia amekwisha fika Morisi. Na lile kabila la Guam limekwisha onyesha kwamba mche mmoja, chungu moja ya mbolea, au shehena moja ya mimea yaweza kuvuka bahari na kufuta kazi ya miaka arobaini. Iwapo siku moja atashuka katika gati ya Mombasa au Dar es Salaam, atakuta minazi iliyokwisha dhoofishwa na ndugu yake, na magogo yaliyokwisha tayarishwa kwa ajili ya wote wawili. Afisa akaguaye udongo wa miche bandarini hana sifa kubwa miongoni mwa watu, wala kazi yake haitungiwi nyimbo. Lakini Samoa yote iliharibika kwa sababu katika siku moja, kabla ya mwaka 1909, hapakuwa na mtu wa kutazama mizizi ya mpira.

Wahenga walisema pia kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Chonga wa Afrika ndiye huyo wa nguoni: amezaliwa hapa, atakaa hapa, na mwenye shamba hana budi kuishi naye kwa kumpimia nafasi. Chonga wa Asia ni wa njiani, na mahali pa kumzuilia ni mlangoni kabla hajaingia. Mwenyeji hushindwa kwa usafi wa kila siku, mgeni huzuiliwa kwa macho ya kila saa, na lolote kati ya hayo likikosekana, mnazi ulioletwa na mabaharia zaidi ya miaka elfu iliyopita utaendelea kulipa deni ambalo si lake.